Waziri Aliyetoka Mgodini

Tarehe 4 Machi 1913, zikiwa zimesalia saa chache tu akabidhi madaraka, Rais William Howard Taft wa Marekani alitia saini sheria ya kuunda Wizara ya Kazi. Aliitia saini shingo upande, kwani aliona kwamba mambo ya biashara na mambo ya kazi, yaliyokuwa yamekaa chini ya waziri mmoja tangu 1903, hayakuwa na haja ya kutenganishwa. Walakini alijua vilevile kwamba akiikataa yeye leo, mrithi wake Woodrow Wilson ataikubali kesho. Ndivyo ilivyozaliwa wizara ambayo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeidai kwa miaka mingi, na mtu aliyepewa kuiongoza hakuwa mwanasheria wala tajiri, kama walivyokuwa aghalabu ya mawaziri wa zama zile, bali mchimba makaa ya mawe, mzaliwa wa Uskoti, ambaye masomo yake ya shule yalikatika alipokuwa hajatimiza hata miaka 9. Jina lake lilikuwa William Bauchop Wilson, na kwa rais aliyemteua hakuwa na nasaba yoyote ila kulingana kwa jina.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumezoea kumwona mtu akitoka katika ofisi ya chama cha wafanyakazi na kuingia katika baraza la mawaziri. Tom Mboya aliongoza Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya kabla hajawa Waziri wa Kazi mwaka 1962, na Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika kabla hajawa waziri na hatimaye Waziri Mkuu. Wilson aliwatangulia katika njia hiyo kwa nusu karne, na katika maisha yake limo jibu la swali ambalo wafanyakazi wa kila nchi hujiuliza mwenzao anapopandishwa cheo: mtu wetu akishaketi upande wa serikali, anaweza kututendea nini?

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1862 katika Blantyre, mji mdogo ulio karibu na Glasgow, ule ule alikozaliwa David Livingstone, ambaye habari zake za Unguja, Ujiji na Ziwa Nyasa zinajulikana sana kwetu, na ambaye kwa ajili yake mji wa Blantyre wa Malawi ulipewa jina hilo. Livingstone alikulia katika kiwanda cha pamba. Wilson alizaliwa katika aila ya wachimba makaa. Mwaka 1868 baba yake, Adam Wilson, aligoma pamoja na wenziwe, na kwa kuwa nyumba waliyokaa ilikuwa mali ya kampuni, aila nzima ilitolewa nje. Kila alipobisha hodi kuomba kazi alikosa, mpaka mwaka 1870 alipovuka bahari ya Atlantiki, akapata kazi katika migodi ya Arnot, kaskazini ya jimbo la Pennsylvania, na baadaye kidogo akawaita mkewe na watoto wake. Kwa hivyo mtoto yule, kabla hajapata hata miaka 10, alikwisha kufahamu kwamba mwajiri akiwa ndiye mwenye nyumba, mgomo huanza kwa vyombo kutupwa nje, na kwamba watu wengi huhama kwao kwa sababu mlango wa kwao umefungwa, wala si kwa tamaa ya mali.

Mwezi Machi 1871 mgongo wa baba yake ulikuwa hauwezi tena kazi nzito ya kupakia makaa, basi mtoto akaacha shule akashuka naye mgodini. Na ili msomaji afahamu manung'uniko ya wachimbaji wa siku zile yalikuwa na asili gani, yafaa tutazame jinsi ujira wao ulivyokadiriwa. Mchimbaji hakulipwa kwa siku wala kwa saa, alilipwa kwa tani. Alilala ubavu chini ya mwamba wa makaa akaukata kwa sururu sehemu yake ya chini, akatoboa tundu, akatia baruti, akaulipua. Kisha akayapakia makaa kwa beleshi katika kibehewa kilichovutwa na nyumbu mpaka nje, ambako karani wa kampuni alikipima. Mchimbaji mwenyewe alikuwa bado chini ya ardhi na mizani hakuiona. Karani akisema kibehewa kimepungua, kimepungua. Akisema kimechanganyika na mawe, ujira unakatwa. Na kazi ya kusimika nguzo ili dari la mgodi lisiporomoke, na ya kuteka maji, na ya kuondoa mawe njiani, zote hizo zilifanywa bure, kwa kuwa hazikutoa hata tani moja ya makaa.

Katika hali hiyo, moja katika madai ya kale kabisa ya vyama vya wachimbaji lilikuwa la unyenyekevu wa kushangaza: waruhusiwe kumweka mpimaji wao, wamlipe wenyewe kwa fedha zao, asimame kando ya karani wa kampuni na aandike hesabu yake. Hawakusema mizani ivunjwe, wala hawakusema karani afukuzwe. Walitaka pawe na macho ya pande mbili penye mizani moja. Mwenye kulielewa dai hilo amekwisha kumwelewa Wilson, kwa maana katika yote aliyoyafanya baadaye, akiwa katibu, mbunge na waziri, hakuwa mtu wa mapinduzi wala mtu wa kuinamisha kichwa, bali mtu aliyeamini kwamba kadhia nyingi za kazi hutatulika pindi pande zote mbili zinapokubali kulihesabu jambo moja mahali pamoja.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alichaguliwa katibu wa tawi la chama cha wachimbaji wa Arnot, na tangu hapo elimu yake aliipata kwa vitabu alivyosoma baada ya kazi na kwa mijadala ya wenziwe. Wenye migodi nao hawakukawia kumfahamu, wakaliweka jina lake katika orodha ya watu wasiofaa kuajiriwa, orodha waliyopelekeana wao kwa wao. Akazunguka majimbo ya kati akikata miti, akielea na magogo mtoni, akibandua magome, na kwa muda akichochea moto katika injini ya gari moshi. Mwaka 1883 alimwoa Agnes Williamson, wakajaliwa watoto 11, na ujira wa kuwalisha ulikuwa haba na wa wasiwasi. Ila chama hakukiacha. Mwezi Januari 1890, vyama viwili vya wachimbaji vilivyokuwa vikishindana vilipoungana katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, na kuunda chama kimoja cha wachimba makaa wa Marekani nzima, Wilson alikuwa miongoni mwa walioingia katika halmashauri yake ya kwanza.

Mwaka 1899 wachimbaji wa Arnot waligoma, na Wilson akaletewa msaidizi ambaye habari zake zimebaki katika historia: bibi mzee mzaliwa wa Ireland, Mary Harris Jones, aliyeitwa na wachimbaji wote Mama Jones. Waume walipoanza kulegea, bibi huyu aliwaambia wabaki nyumbani walee watoto, akawakusanya wake zao, wakashika mifagio, ndoo na sufuria, wakaenda mgodini kuwakabili waliokuja kuvunja mgomo. Na kwa makelele ya vyombo vile nyumbu wa kampuni walitimka mbio. Mama Jones mwenyewe alisimulia baadaye kwamba nyumba ya Wilson ilikuwa hifadhi ya aila zilizofukuzwa katika nyumba za kampuni, na kwamba kila alichokuwa nacho aligawana nao. Mwezi Februari 1900 mgomo ule uliisha kwa ushindi, na mwaka huo huo Wilson akachaguliwa katibu na mweka hazina wa chama kizima, cheo alichokishika mpaka 1908.

Cheo hicho kilimpa somo kubwa kuliko yote. Mwezi Januari 1898, huko Chicago, wenye migodi na wachimbaji wa majimbo ya Illinois, Indiana, Ohio na magharibi ya Pennsylvania walikuwa wameketi pamoja na kufunga mkataba wa ujira na wa siku ya kazi ya saa 8. Mkataba huo ulihusu makaa laini, yaliyotumika katika viwanda na reli. Mwezi Mei 1902 wachimbaji wa makaa magumu wa mashariki ya Pennsylvania, wapatao 147,000, wengi wao wahamiaji waliotoka Polandi, Lithuania na nchi za Waslavi, waligoma. Na mwezi Julai chama kilikutana Indianapolis kuamua kama wachimbaji wa makaa laini nao waweke chini sururu zao kwa kuwahurumia wenzao. Walikuwepo wengi waliotaka hivyo, na damu ilikuwa ikichemka. Rais wa chama, John Mitchell, alishauri kinyume: mkataba uliofungwa usivunjwe, na badala ya kugoma, wachimbaji walio kazini wakatwe sehemu ya ujira wao kuwasaidia waliogoma. Mkutano ukakubali, na hazina iliyopokea fedha hizo na kuzigawa ilikuwa chini ya Wilson.

Mgomo ule ulidumu zaidi ya miezi mitano. Miji ya mashariki ilipoanza kuogopa baridi, Rais Theodore Roosevelt aliwaita wenye migodi na Mitchell mbele yake tarehe 3 Oktoba, na wenye migodi wakakataa hata kusema na mtu wa chama. Walakini kabla mwezi haujaisha walikubali tume ya usuluhishi, na wachimbaji wakarudi kazini. Mwezi Machi 1903 tume ilitoa hukumu: nyongeza ya asilimia 10 ya ujira na kupunguzwa kwa saa za kazi, ila chama chenyewe hakikutambuliwa rasmi. Wilson aliyatia akilini yote mawili. Aliona kwamba serikali ikitia mkono wake, mwenye nguvu anaweza kuketishwa. Akaona pia kwamba mwenye nguvu yule asingeketi lau isingekuwapo hazina iliyowawezesha wachimbaji kukaa miezi mitano bila ujira na wasife njaa.

Mwaka 1906 watu wa jimbo lake walimchagua kuingia Baraza la Wawakilishi. Mwezi Desemba mwaka uliofuata mgodi wa Monongah, huko West Virginia, ulilipuka na kuwaua watu 362 kwa hesabu rasmi, na msiba huo ulitilia nguvu hoja aliyokuwa akiipigania, kwamba serikali iwe na idara ya kuchunguza usalama migodini. Idara hiyo ikaundwa mwaka 1910. Chama chake cha Democratic kilipopata wingi katika Baraza, alifanywa mwenyekiti wa Kamati ya Kazi mwaka 1911, na katika muhula huo zilipita sheria za siku ya saa 8 katika kazi zilizofanywa kwa mikataba ya serikali, na ya kuanzisha ofisi ya kuangalia hali za watoto.

Lakini tukio la muhula ule linalostahili kutazamwa kwa karibu ni uchunguzi wa mbinu za Frederick Winslow Taylor. Taylor alikuwa mhandisi aliyeshika saa mkononi na kupima kila tendo la mfanyakazi, akidai kwamba kazi yoyote ina njia moja iliyo bora na kipimo kimoja kilicho haki. Mfano alioupenda sana ulikuwa wa hamali wa mapande ya chuma, ambaye kwa mafundisho yake alitoka katika kubeba tani 12 na nusu kwa siku akafikia tani 47, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Mwezi Agosti 1911 mafundi wa kiwanda cha silaha cha Watertown waligoma kwa sababu ya saa hiyo, na kamati maalumu, Wilson akiwa mwenyekiti, ikamwita Taylor kutoa ushahidi mwezi Januari 1912.

Siku zile chache walikabiliana watu wawili walioijua kazi ya mikono kwa njia mbili tofauti, mmoja kwa kuitazama na mwenziwe kwa kuifanya. Wilson alimwuliza kwa upole na kwa kurudia: kipimo hicho cha haki kinaamuliwa na nani, na mfanyakazi asiyeridhika nacho anakata rufaa kwa nani? Tena, ikiwa mbinu hiyo inawataka watu wa daraja ya kwanza, hao wasiokuwa wa daraja hiyo watakwenda wapi? Taylor alijibu kwa mifano ya farasi, wa mbio na wa mizigo, kisha ya ndege awezaye kuimba naye hataki. Wilson akamkatiza kwamba kamati yake haikukutana kuchunguza farasi wala ndege, bali watu, ambao ni sehemu ya jamii, na ambao jamii yenyewe imewekwa kwa manufaa yao. Hakuna sheria iliyotokana na uchunguzi huo papo hapo. Miaka mitatu baadaye Bunge likakataza fedha za jeshi zisitumike kuwapima mafundi kwa saa. Na jambo la kuvutia ni kwamba mjumbe mmoja wa kamati ile, William Redfield, mwenye kiwanda, alikuja kuwa Waziri wa Biashara katika baraza lile lile alimoingia Wilson.

Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 1912 Wilson alishindwa kurudi Bungeni, na kushindwa huko kukamfungulia mlango wa Wizara ya Kazi. Samuel Gompers na viongozi wengine wa vyama walimpendekeza, na rais mpya akakubali. Wizara aliyoikuta ilikuwa na ofisi nne: ya takwimu za kazi, ya watoto, ya uraia na ya uhamiaji, na kwa wingi wa watumishi na matumizi, hiyo ya mwisho ilizipita nyingine zote. Katika mwaka wa serikali uliokwisha Juni 1914 wahamiaji zaidi ya 1,200,000 waliingia Marekani, na mkuu wa shughuli zao zote, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani aingie na nani arudishwe, alikuwa mtu ambaye mwenyewe alishushwa chomboni akiwa mtoto wa miaka 8.

Sheria ilimpa pia uwezo ambao hakuna waziri aliyewahi kuwa nao kabla yake, wa kuwa msuluhishi katika magomvi ya kazi na kuwateua wasuluhishi wengine, ingawa mwanzoni haikumpa fedha za kuutumia. Uwezo huo ulijaribiwa mapema. Mwezi Septemba 1913 wachimba makaa wa Colorado waligoma, na kampuni kubwa kuliko zote, iliyokuwa chini ya aila ya Rockefeller, haikutaka kuonana na chama chao kwa hali yoyote. Waziri alituma mtu wake, hakusikilizwa. Mwezi Novemba akaenda mwenyewe mpaka Denver, akawaketisha wachimbaji watatu na wakuu wa kampuni watatu katika chumba kimoja. Walizungumza, na walipofika katika suala la kukitambua chama mazungumzo yakafa. Waziri aliweza kuwaita, hakuweza kuwalazimisha. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wa jimbo na walinzi wa kampuni waliishambulia kambi ya mahema ya wagomaji huko Ludlow na kuitia moto, na katika shimo lililochimbwa chini ya hema moja walikutwa wanawake 2 na watoto 11 wamekufa kwa moshi. Mwezi Desemba mgomo ukaisha, na wachimbaji hawakupata mapatano yoyote.

Vita Vikuu vya Kwanza viligeuza mambo. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, shaba, mbao na makaa vikawa roho ya dola, wanaume wakaenda jeshini, wahamiaji wakakoma kuja, na mfanyakazi aliyekuwa hasikilizwi akawa anatafutwa. Hapo usuluhishi wa Wilson ulipata meno. Rais alimweka mwenyekiti wa tume iliyozunguka majimbo ya magharibi, na mwanasheria kijana Felix Frankfurter akiwa katibu wake. Wakasuluhisha migomo ya migodi ya shaba ya Arizona, na wakachunguza kadhia ya Bisbee, ambako tarehe 12 Julai 1917 raia wenye silaha wakiongozwa na mkuu wa polisi waliwakamata wagomaji wapatao 1,200, wengi wao wageni, wakawatia katika mabehewa ya ng'ombe na kuwatupa jangwani katika jimbo la New Mexico. Tume ilitamka wazi kwamba kitendo kile hakikuwa na msingi wowote wa sheria. Mwaka 1918 likaundwa Baraza la Kazi la wakati wa vita, lililokubali haki ya wafanyakazi kujiunga katika vyama, na mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Taft, yule yule aliyeitia saini wizara shingo upande.

Katika mwaka huo Wilson alifungua ofisi ya maslahi ya wanawake viwandani, na nyingine ya wafanyakazi Weusi, maana mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Afrika walikuwa wakihama kusini kwenda katika viwanda vya kaskazini. Ofisi hiyo aliikabidhi kwa Dakta George Edmund Haynes, msomi Mweusi, ili shughuli za watu wale zishauriwe na mtu wa kwao. Ya wanawake ilidumu. Ya Weusi haikukaa miaka mingi baada ya vita, kwani Bunge liliinyima fedha.

Vita vilipokwisha, haja ya wafanyakazi ilipungua na hofu ikaongezeka. Mapinduzi ya Urusi, migomo isiyo na idadi ya 1919 na mabomu yaliyotumwa kwa wakubwa vilizusha fadhaa, na Mwanasheria Mkuu, Mitchell Palmer, akaazimia kuisafisha nchi kwa kuwafukuza wageni wenye siasa kali. Sheria ya 1918 iliruhusu jambo hilo, ila hati za kukamata na amri za kufukuza zilipaswa kutoka katika Wizara ya Kazi. Tarehe 21 Desemba 1919 meli ya Buford iliondoka New York na watu 249, miongoni mwao mwanaharakati wa siasa kali Emma Goldman. Na tarehe 2 Januari 1920 maelfu ya watu walikamatwa usiku mmoja katika miji zaidi ya 30, wengi bila hati yoyote.

Hapa ndipo ulipofikia mtihani mgumu kuliko yote, na hatuwezi kusema kwamba Wilson aliushinda wote. Mwezi Januari aliamua kwamba uanachama wa Chama cha Kikomunisti peke yake watosha kuwa sababu ya mgeni kufukuzwa. Kisha maradhi, yake na ya mkewe, yakamweka mbali na ofisi, na msaidizi wake Louis Post, mzee wa miaka 70, akazichukua faili zile akazisoma moja moja. Aliona watu waliohamishwa kutoka orodha ya chama kimoja kwenda kingine pasipo wenyewe kujua, na watu waliohojiwa bila wakili, akafuta hati kwa mamia. Wabunge walitaka kumshtaki. Alijitetea mbele ya kamati yao mwezi Mei 1920 kwa hoja thabiti hata mashtaka yakafifia. Wilson alimwunga mkono, na mwezi huo huo mwenyewe akaamua kwamba wanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Kazi, ndugu wa kile cha kwanza, wasifukuzwe kwa uanachama tu. Ni hukumu mbili ambazo ni taabu kuzipatanisha. Katika migodi alikuwa na pande mbili za kuzikutanisha. Mhamiaji aliyeshikwa usiku hakuwa na upande, hakuwa na hazina wala mgomo wa kutishia, na kilichomlinda kilikuwa insafu ya mtu mmoja mwenye kalamu.

Wenziwe wa zamani nao walimjaribu. Tarehe 1 Novemba 1919 wachimba makaa wapatao 400,000 waligoma, wakisema vita vimekwisha na mkataba wa vita umekwisha navyo. Palmer akaenda mahakamani akapata amri ya kuuzuia mgomo. Wilson aliipinga njia hiyo, akapendekeza nyongeza ya asilimia 31; mkuu wa nishati wa serikali, Harry Garfield, akasema 14, na baraza la mawaziri likamfuata Garfield. Tume iliyoundwa baadaye ilitoa 27. Mtu aliyekuwa mweka hazina wa chama kile kwa miaka 8 alikuwa ndani ya chumba amri ilipopitishwa, na neno lake halikutosha.

Aliondoka wizarani tarehe 4 Machi 1921. Aliyemfuata, James J. Davis, naye alikuwa mhamiaji, mzaliwa wa Wales na mfua chuma aliyepitia chama cha wafanyakazi. Na katika muhula wake nchi ilipitisha sheria ya 1924 iliyowafungia mlango wahamiaji wengi wa kusini na mashariki ya Ulaya. Wilson aligombea useneta wa Pennsylvania mwaka 1926 akashindwa na William Vare, ambaye Seneti ilikataa kumpa kiti kwa sababu ya fedha zilizomwagwa katika uchaguzi. Alifariki tarehe 25 Mei 1934, akazikwa Pennsylvania, katika wilaya ile ile alikoanza kuchimba.

Turudi basi katika swali letu. Ukiziweka kando kando Colorado ya 1913 na Arizona ya 1917, utaona kwamba waziri alikuwa yule yule, na ufasaha wake na subira yake ni vile vile; kilichobadilika ni haja ya mwajiri kwa mfanyakazi. Suluhu ilipatikana mahali ambapo wafanyakazi wenyewe walikuwa na nguvu ya kumfanya mwenzao aketi, na waziri akawa mwenye kuipa nguvu hiyo njia ya kisheria. Pasipo nguvu hiyo, waziri hata akiwa mwana wa mgodi hubaki na huruma yake. Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine: mwezi Februari 1964 Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lilivunjwa, kikaundwa chama kimoja cha NUTA, na Michael Kamaliza, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akawa Waziri wa Kazi na katibu mkuu wa chama hicho kwa wakati mmoja. Waliofanya hivyo walikuwa na hoja zao za kujenga taifa changa. Walakini mtu mmoja hawezi kuketi pande mbili za meza na bado yakaitwa mazungumzo. Kwa hivyo mfanyakazi anayemwona mwenziwe akifanywa waziri asijisumbue sana kuuliza kama moyo wake umegeuka, kwani nyoyo hazipimiki. Na aulize kama chama alichokiacha kimepata katibu mwingine, kama hazina yake bado iko mikononi mwa wanachama, na kama wanachama hao bado wanaweza kusema hapana.